Eti bila kumtesa mnyama hakuna dawa? Hapana jamani

Juzi pale mwaloni Kirumba tunasubiri dagaa, jamaa mmoja akasema ati vyuo vikiacha majaribio ya panya na sungura basi utafiti umekufa, na wenzake wote wakaitikia. Hii naisikia sana hapa Mwanza na inaniuma maana sio kweli.

Chukua kipimo cha mimba, kile kijiti unachonunua duka la dawa. Miaka ya 1920 na 1930 mkojo wa mama ulikuwa unadungwa kwa panya jike au sungura halafu mnyama anauawa, anapasuliwa, wanaangalia ovari zake, yaani mama mmoja tu akitaka kujua hali yake kuna wanyama wanakufa, na leo kijiti kinakujibu ndani ya dakika chache. Sayansi imekufa hapo?

Wengine wanadhani sheria ndo inalazimisha. Marekani wenyewe Desemba 2022 waliondoa sharti kwamba dawa mpya lazima ijaribiwe kwanza kwa wanyama, sasa mtafiti anaweza kutumia seli za binadamu zilizooteshwa maabara au hata modeli za kompyuta.

Sisemi yote yaishe kesho asubuhi, yapo ambayo bado hayana mbadala. Ila kumpasua chura mzima mzima kurudia kitu kilichoandikwa vitabuni tangu babu yako hajazaliwa, huo mimi siuiti utafiti. Kama umewahi kuchomwa na mwiba wa samaki gogogo unajua maumivu ni nini, na chura naye anaumia.