Kuosha makochi kwa mashine nyumbani: maswali na majibu kuhusu afya

Siku hizi mkazi wa Nairobi anayetaka makochi yake yaoshwe hadi ndani halazimiki kuita kampuni. Mashine ndogo za kunyunyiza maji na kuyafyonza zinauzwa madukani, na katika mitaa mingi kuna vijana wanaozunguka nazo nyumba kwa nyumba wakitoza malipo kwa hesabu ya viti. Maswali yafuatayo ni ya watu wenye pumu, wazazi wa watoto wadogo, na wapangaji ambao nyumba zao hazipati jua la kutosha.

Ndani ya kochi kuna nini kinachoweza kuidhuru afya?

Kitambaa na sponji hukusanya vumbi, makombo, jasho na vipande vidogo sana vya ngozi vinavyotoka mwilini mwetu kila siku. Vipande hivyo vya ngozi ndivyo chakula cha utitiri wa vumbi, mdudu aliye karibu zaidi na buibui na kupe kuliko nzi, ambaye urefu wake haufiki hata nusu milimita. Mdudu huyu haumi wala hanyonyi damu. Kinachomsumbua mwenye mzio ni protini zilizomo katika kinyesi cha mdudu na katika mabaki ya mwili wake, ambazo hupeperuka mtu anapoketi kwa kishindo au mtoto anaporuka juu ya mito, zikavutwa puani na kuleta chafya, macho ya kuwasha, mafua yasiyokwisha na, kwa mwenye pumu, kubanwa kifua.

Utitiri wa vumbi hauhitaji kunywa maji, kwa kuwa huyafyonza kutoka katika unyevu wa hewa inayouzunguka. Kwa hiyo hustawi mahali penye unyevunyevu, na hunyauka na kufa hewa inapokaa kavu kwa muda mrefu. Naomba jambo hili lishikwe vizuri, kwa sababu karibu majibu yote yanayofuata yanalitegemea: kochi lililooshwa likang'aa lakini likabaki na maji ndani ya sponji linaweza kuwadhuru wenye nyumba kuliko lilivyowadhuru lilipokuwa na vumbi.

Mashine hufanya nini ambacho kitambaa na maji ya sabuni haviwezi kufanya?

Anayesugua kochi kwa kitambaa kilicholowa huondoa uchafu wa juu, ila sehemu ya uchafu huo huyeyuka na kuzama ndani pamoja na maji. Mashine ina matangi mawili, moja la maji safi yenye sabuni na jingine la maji machafu. Hunyunyiza maji kidogo, brashi yake ikasugua, kisha mdomo wake ukayafyonza maji hayo pamoja na uchafu yalioubeba. Thamani yake kwa afya imo katika kule kufyonza.

Watu hufurahi kuona maji meusi kwenye tangi, na vijana wa kuosha viti wanalijua hilo, ndiyo maana huyaonyesha kabla ya kudai malipo. Maji meusi ni ushahidi kwamba uchafu umetoka, lakini hayasemi lolote kuhusu maji yaliyobaki ndani. Mimi ningeangalia mkono wa anayeosha: kila anaponyunyiza mara moja, anapaswa kupitisha mdomo wa mashine mahali hapo mara mbili, tatu au zaidi bila kunyunyiza, hadi aone kwamba hakuna tena matone yanayopanda kwenye bomba. Anayenyunyiza kila anapopitisha mkono anaongeza maji kuliko anavyoyatoa.

Kabla ya tone la kwanza, kochi lote lifyonzwe likiwa kavu, hasa kwenye mifereji kati ya mito, kwa sababu vumbi likilowa huwa tope. Ikiwezekana, kifyonza vumbi kiwe na kichujio cha HEPA, ambacho hunasa angalau asilimia 99.97 ya chembe zenye upana wa mikromita 0.3. Kifyonza kisicho na kichujio kizuri humeza vumbi nene mbele na kutapika vumbi jembamba nyuma, na hilo jembamba ndilo linalofika mapafuni.

Je, ni lazima maji yawe ya moto, au nitumie mashine ya mvuke?

Joto la nyuzi 60 huua utitiri wa vumbi, lakini mashine nyingi ndogo hazina kitu cha kuchemshia maji. Maji ya moto unayomimina kwenye tangi hupoa njiani, na hupoa zaidi yanapogusa sponji baridi. Pia soma maelekezo ya mtengenezaji kabla ya kumimina maji ya birika, kwa maana matangi mengi ya plastiki hayajaundwa kuyahimili.

Mvuke ni habari nyingine. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji ya sufuria huchemka hapa kwenye nyuzi 94 au karibu na hapo badala ya 100; hata hivyo joto hilo linawatosha wadudu hawa mradi liwafikie. Tatizo ni kwamba mvuke hupoa haraka ukishatoka mdomoni mwa mashine, kwa hiyo anayepitisha mkono upesi hupasha kitambaa cha juu peke yake. Tena, utitiri uliokufa bado una zile protini za mzio, na ni lazima kochi lifyonzwe tena baada ya mvuke likishakauka.

Nyumba yangu ina kunguni. Mashine itawamaliza?

Mashine ya maji haitawamaliza. Kunguni hujificha kwenye mishono, kwenye mbao za fremu, nyuma ya soketi na katika nyufa za ukuta, ambako mdomo wa mashine haufiki. Mvuke unaopitishwa polepole kwenye mishono huwaua wale unaowagusa pamoja na mayai yao, kwa kuwa hawahimili joto linalozidi nyuzi 50, lakini kochi moja lililosafishwa katika chumba chenye kunguni litaingiwa tena baada ya siku chache. Vitanda, kuta na makochi vishughulikiwe kwa pamoja, na katika ploti yenye vyumba vinavyopakana ni heri majirani washirikishwe hata kama ni aibu kulitaja. Aibu hiyo, kwa kweli, haina msingi: kunguni hufuata damu na joto la mwili, na nyumba safi huvipata vyote viwili. Pia haijathibitishwa kwamba hueneza magonjwa, ingawa kuumwa kwao huwasha na huwanyima watu usingizi.

Kuna upande ambao hausemwi. Mashine ya kukodi iliyotoka nyumba ya jirani asubuhi inaweza kukuletea kunguni kwenye brashi au katika mikunjo ya bomba. Omba ikaguliwe na brashi ioshwe mlangoni kabla haijaingia. Na tafadhali usinyunyize dawa ya shambani kwenye kiti ambacho mtoto atalalia shavu.

Nitumie sabuni gani? Naweza kuongeza jiki ili kuua vijidudu?

Tumia sabuni ya maji iliyotengenezwa kwa mashine za aina hiyo, isiyotoa povu jingi, na kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Sabuni ya unga ya kufulia hutoa povu linalojaza tangi, na masalia yake hubaki kwenye kitambaa, ambapo huwasha ngozi ya wenye ukurutu na kunasa vumbi upya. Ukimaliza, rudia kazi yote kwa maji matupu. Wengi huiruka hatua hii kwa sababu maji ya mgao hayatoshi. Basi ni afadhali kuosha viti viwili na kuvisuuza kuliko kuosha saba vikabaki na sabuni.

Jiki isiingie katika mashine. Huondoa rangi ya kitambaa, lakini sababu kubwa zaidi ni ya kiafya. Jiki ikikutana na dawa ya kuoshea choo yenye asidi hutoa gesi ya klorini, na ikikutana na amonia hutoa gesi nyingine zinazochoma macho, koo na mapafu. Kochi ambalo mtoto amelikojolea mara nyingi lina amonia tayari, kwa maana mkojo hugeuka kuwa amonia ukikaa. Mama anayemimina jiki kwenye doa la mkojo katika chumba kilichofungwa anatengeneza sumu bila kuchanganya chupa mbili. Ikitokea ukahisi harufu kali na kuanza kukohoa, toka nje kwanza, wala usibaki kufungua madirisha yote. Anayeendelea kupumua kwa shida apelekwe hospitali bila kusubiri.

Doa la mkojo lioshwe kwa maji baridi na sabuni ya kawaida, au kwa sabuni yenye vimeng'enya, na lifyonzwe hadi harufu iishe.

Mtoto wangu ana pumu. Je, kuosha kochi kutamponya?

La. Kunaweza kupunguza vitu vinavyomchokoza kwa muda, lakini dawa alizoandikiwa ziendelee kama kawaida, na inhela isiachwe kwa sababu nyumba imesafishwa. Siku ya kazi mtoto asiwepo. Apelekwe kwa shangazi au kwa jirani, arudi kochi likiwa kavu na harufu ya sabuni imekwisha. Ikiwa mwenye pumu ndiye anayelazimika kuosha, avae barakoa inayobana vizuri, afungue madirisha, na inhela yake iwe mfukoni mwake, si chumba cha pili. Mzazi ajue pia kwamba godoro na mto wa kulalia vina uzito zaidi kuliko kochi, kwa kuwa mtoto huvilalia usiku kucha pua ikiwa juu yake.

Kochi linapaswa kukauka kwa muda gani?

Lilenge kukauka siku hiyo hiyo, na kwa vyovyote lisivuke saa 24 hadi 48, kwa sababu baada ya hapo kuvu huanza kuota ndani ya sponji, mahali usipoweza kuiona. Anza kazi asubuhi. Simamisha mito kwa ubavu ili hewa ipite pande zote, fungua madirisha yanayoelekeana, na elekeza feni kwenye viti badala ya kuielekeza ukutani. Mkono wako ukikandamiza mto kwa nguvu usihisi ubaridi; kitambaa cha juu hukauka kwanza na humdanganya mtu.

Majira nayo yana neno. Januari na Februari ni miezi mizuri ya kazi hii. Wakati wa mvua ndefu za Machi hadi Mei, na katika baridi ya Juni na Julai ambapo Nairobi hukaa siku kadhaa bila kuliona jua, ningeahirisha. Katika majengo yaliyobanana kama ya mtaa wa Pipeline, ambako dirisha la mtu hutazamana na ukuta wa jirani, osha kiti kimoja au viwili kwa siku na mito ipandishwe kwenye paa panapoanikwa nguo.

Jambo la hatari kuliko kuvu yenyewe ni jiko la makaa. Kuna wanaoliwasha sebuleni na kufunga mlango ili viti vikauke. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, inayochukua nafasi ya oksijeni katika damu. Mtu huanza kwa maumivu ya kichwa na usingizi mzito, na anaweza asiamke. Jiko lisitumiwe kukaushia chochote ndani ya nyumba.

Je, kifua kikuu au upele vinaweza kuambukizwa kupitia makochi?

Kifua kikuu huenea kwa hewa, mgonjwa ambaye hajatibiwa anapokohoa au kuzungumza. Hakienezwi kwa kuketi alipoketi, na hakuna sababu ya kumtengea kiti. Upele kwa kawaida huambukizwa kwa ngozi kugusana kwa muda, na vimelea vyake havidumu zaidi ya siku mbili au tatu nje ya mwili wa binadamu. Dawa kwa wote wanaoishi pamoja ina maana kubwa kuliko mashine.

Na umeme?

Umeme wa Kenya ni wa volti 240, na hapa kuna maji sakafuni. Ekstensheni isilazwe chini, mikono iwe mikavu unapochomeka au kuchomoa, vaa viatu vyenye soli ya mpira, na chomoa mashine kabla ya kujaza au kumwaga tangi.

Nioshe mara ngapi?

Kwa nyumba ya kawaida, mara moja au mbili kwa mwaka inatosha. Kinachosaidia zaidi ni kazi ya kila wiki: kufyonza makochi yakiwa makavu, na kufua vile vitambaa vya kufumwa vinavyotandikwa juu ya viti. Wageni huviona kuwa mapambo, lakini ndivyo vinavyopokea jasho na mafuta ya nywele kabla hayajafika kwenye kiti. Baada ya kila kazi, maji machafu yamwagwe chooni, na matangi ya mashine yaoshwe na kuachwa wazi yakauke, maana maji yaliyolala humo huzaa bakteria utakaowanyunyizia viti mara nyingine.

Kochi langu linanuka ukungu hata baada ya kuoshwa. Nifanye nini?

Usilioshe tena. Harufu hiyo ina maana kwamba kuvu imeshika sponji, na kila mara unapoongeza maji unailisha. Fundi, kama wale wanaotengeneza viti kandokando ya Barabara ya Ngong, anaweza kufungua kitambaa, kutoa sponji ya zamani na kuweka mpya, kisha kukagua mbao za fremu kama zimelowa. Kazi hiyo ifanyiwe nje, na anayeifanya afunike pua na mdomo. Kabla kiti hakijarudi, chunguza ukuta uliokuwa nyuma yake. Mara nyingi bomba linalovuja ndani ya ukuta huo ndilo lililoanzisha yote.