Dawa ya Kusafishia Filamu Inapoharibika Wakati wa Kuchanganywa

Negativu zikitoka zimefifia au zina madoa, kamera ndiyo hulaumiwa kwanza. Anza kwa kuichunguza chupa ya dawa.

Tuchukue D-76, ambayo Kodak waliitoa mwaka 1927 na hadi leo inasafisha filamu nyeusi na nyeupe. Kwa lita moja, pasha mililita 750 za maji hadi nyuzijoto 52 za Selsiasi. Tia metoli gramu 2, salfaiti ya sodiamu kavu gramu 100, haidrokwinoni gramu 5, kisha boraksi gramu 2. Kila unga uyeyuke kabisa ndipo utie unaofuata. Mwishoni ongeza maji baridi hadi lita itimie.

Mpangilio huo usiuguse. Metoli haiyeyuki kwenye maji yaliyojaa salfaiti. Ukitanguliza salfaiti yote, metoli itaelea kama machicha ya nazi, na utakoroga hadi mkono uchoke. Usiyachuje machicha hayo, kwani ndiyo yanayotoa picha. Mwaga, uanze upya. Ila metoli ikiwa peke yake katika maji ya moto huharibiwa upesi na hewa, hivyo chota salfaiti kidogo kwa ncha ya kijiko kutoka kwenye zile gramu 100, itangulie.

Soma pia lebo ya salfaiti. Ile ya fuwele ina maji ndani yake. Utahitaji gramu 200. Na pakiti ya kiwandani ichanganywe yote kwa mara moja. Unga wake haujatawanyika sawasawa, kwa hiyo nusu pakiti haikupi nusu ya dawa.

Wingu jeupe linalotokea metoli ikiwa imekwisha kuyeyuka ni jambo jingine: ni chokaa. Visima vya pwani, kwenye mwamba wa matumbawe, vina chokaa nyingi. Acha dawa itulie usiku kucha, kisha ichuje kwa kitambaa. Bora zaidi ni maji yaliyokenekwa, yale ya kuongezea kwenye betri, lakini angalia sana usije ukauziwa asidi ya betri.

Fiksa, yaani dawa ya pili inayoifanya picha isiharibiwe tena na mwanga, ikigeuka kama maziwa na kunuka kiberiti, asidi imewahi kutiwa kabla ya salfaiti, au maji yalikuwa bado ya moto. Haitengenezeki tena.

Joto la kusafishia ni nyuzijoto 20, na maji ya bomba Dar es Salaam au Mombasa huzidi hapo. Weka chupa ya dawa ndani ya beseni la maji pamoja na chupa za maji yaliyogandishwa. Barafu isiingie kwenye dawa, itaizimua.

Kabla ya kuhatarisha filamu ya harusi ya mtu, kata kipande cha mwanzo wa filamu, kile kilichokwisha kupigwa na mwanga. Kitumbukize kwenye dawa ukiwa mwangani: kisipokuwa cheusi ndani ya dakika chache, dawa imekufa. Kipande kingine kitie kwenye fiksa mpya, uandike kwenye chupa sekunde kilizochukua kuwa angavu. Siku muda huo ukifika mara mbili, fiksa hiyo imechoka. Ina madini ya fedha yaliyotoka kwenye filamu, kwa hiyo usiimwage karibu na kisima, wala usiihifadhi kwenye chupa ya soda ambayo mtoto anaweza kuinywa.