Vifaa vya Mlinzi Mwenye Silaha Nchini Marekani: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Ulinzi ni miongoni mwa kazi ambazo wahamiaji wengi kutoka Afrika Mashariki na Kongo huzianza mapema wanapofika Marekani, na wapo ambao, baada ya kukaa lindoni bila silaha kwa muda, hutamani kupanda hadi daraja la mlinzi mwenye bastola kwa sababu ya malipo yake. Mtu aliyetoka Kenya, ambako mlinzi wa kampuni hubeba rungu na kazi ya bunduki huachiwa polisi, au Tanzania, ambako mlinzi hupewa bunduki ya kampuni na kuikabidhi zamu inapokwisha, hukuta utaratibu mgeni kabisa, kwani huku mara nyingi mlinzi hununua vifaa vyake mwenyewe. Hapo ndipo maneno ya kusikia yanapomgharimu mtu fedha, na wakati mwingine zaidi ya fedha.

Dhana ya kwanza ni kwamba, kwa kuwa Marekani ni nchi ya silaha, mtu aanze kununua bastola aipendayo na mengine yatafuata. Ukweli ni kwamba ulinzi wa silaha husimamiwa na kila jimbo kwa sheria zake, na bastola inapaswa kuwa karibu ya mwisho katika orodha ya ununuzi. Jimbo la Florida, kwa mfano, humtaka mlinzi awe na leseni ya daraja la G, inayotanguliwa na mafunzo ya saa 28, na sheria yake inataja kaliba, yaani vipimo vya unene wa risasi, ambazo mlinzi anaruhusiwa kubeba akiwa kazini. Huko California kibali huonyesha kaliba ambazo mlinzi amefuzu kulenga nazo shabaha, hivyo aliyefuzu kwa bastola ya milimita 9 hawezi kwenda lindoni na ya kaliba nyingine kwa kuwa tu ameinunua. Juu ya hayo yote kuna masharti ya mwajiri na ya kampuni ya bima, ambayo mara nyingi huwa makali kuliko sheria yenyewe. Jambo moja linawahusu wageni hasa, nami naomba lisichukuliwe kwa wepesi: sheria ya shirikisho kwa kawaida humkataza mtu mwenye viza ya muda, kama ile ya uanafunzi, kumiliki au hata kushika silaha ya moto, na kosa hilo linaweza kumfikisha gerezani na kumfukuzisha nchini. Anayehusika amwone wakili wa uhamiaji kabla hajaingia dukani.

Dhana inayonisikitisha kuliko zote ni ile inayouona mkoba wa bastola, ule unaofungwa kiunoni, kuwa kitu cha kubana matumizi. Mtu hutoa dola mia kadhaa kwa bastola, kisha huitia katika mkoba wa kitambaa wa bei ya chini, au huchagua mkoba ulio wazi kabisa akiamini kwamba ubora wake ni wepesi wa kuchomoa. Mlinzi anayevaa bastola waziwazi husimama katikati ya watu, kwenye mlango wa benki, hospitali au duka, na hatari anayokabiliana nayo kila siku ni mkono wa mtu mwingine unaofika kiunoni pake kutoka nyuma. Kwa sababu hiyo mikoba ya kazi hii ina vizuizi vinavyoibana bastola isinyakuliwe, na mtindo wa kuipanga kwa madaraja ulianzishwa na Bill Rogers, aliyewahi kuwa afisa wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani. Hata hivyo, hakuna kipimo cha serikali kinachowabana watengenezaji wote, hivyo daraja la tatu la mtengenezaji mmoja huenda lisilingane na la mwenzake, na mnunuzi anapaswa kuuliza ni vizuizi vingapi vilivyomo na kila kimoja hufunguliwaje.

Katika mkoba mzuri, kidole gumba hukutana na kizuizi pale pale mkono unaposhika mpini: hukisukuma kifuniko kilicho nyuma ya bastola, na bastola hutoka wima bila kuvutwa kando. Miundo ambayo kitufe chake hubonyezwa kwa kidole cha shahada imelalamikiwa sana, kwa kuwa kidole kilichokuwa kikibonyeza kwa nguvu huweza kuteleza moja kwa moja hadi kwenye kifyatulio bastola inapopanda, na baadhi ya vyuo vya mafunzo vimeipiga marufuku. Kumbuka pia kwamba ukiifunga bastola taa chini ya mtutu, mkoba wa awali haufai tena, kwani unahitajika ule uliochongwa kwa bastola hiyo pamoja na taa ya muundo huo huo. Baada ya kununua, kazi inayobaki ni kuzoeza mkono kwa bastola isiyo na risasi, hadi vizuizi vifunguke bila kuvifikiria.

Kuhusu fulana ya kuzuia risasi, wengi huamini kwamba huzuia risasi yoyote na kwamba ikinunuliwa imenunuliwa. Viwango vyake hutolewa na Taasisi ya Kitaifa ya Haki ya Marekani, NIJ, na fulana laini zinazovaliwa chini ya shati, hata za kiwango cha IIIA, hupimwa kwa risasi za bastola, ilhali risasi ya bunduki ya rifle huzipenya. Wala fulana ya risasi si lazima izuie kisu, kwa kuwa hicho kina kipimo chake tofauti. Ama kudumu kwake, yaliyotokea mwaka 2003 yanatosha kuwa somo: polisi mmoja wa mji wa Forest Hills, Pennsylvania, alipigwa risasi iliyopenya fulana yake iliyofumwa kwa uzi wa Zylon, uchunguzi ukaonyesha kwamba uzi huo hudhoofika, hasa kwa joto na unyevu, na mwaka 2005 NIJ ikaondoa kibali cha fulana za aina hiyo. Fulana nyingi huwa na dhamana ya miaka 5, na tarehe ya kutengenezwa imeandikwa kwenye lebo ya paneli yenyewe, yaani tabaka la ndani linalozuia risasi, si kwenye kitambaa cha nje. Anayeuziwa fulana iliyotumika aitoe paneli katika kitambaa hicho, asome tarehe, kisha alinganishe muundo wake na orodha ya NIJ ya bidhaa zilizothibitishwa.

Wapo pia wanaodhani kwamba mkanda uliojaa ndio alama ya mlinzi aliyekamilika. Mkanda wenye bastola, magazini mbili za risasi, pingu, redio ya upepo, tochi, kirungu na dawa ya pilipili hupita kilo 5 kwa urahisi, na uzito huo hukaa kiunoni kwa zamu nzima. Usiweke kitu kigumu katikati ya mgongo, maana ukianguka chali pingu hugonga uti. Kila kifaa kinahitaji mafunzo, na katika baadhi ya majimbo kinahitaji kibali chake: California, kwa mfano, hairuhusu mlinzi kubeba kirungu bila kufunzwa na kupewa kibali. Usichofunzwa kukitumia, kiache nyumbani.

Sare inayofanana na ya polisi haimwongezei mlinzi mamlaka hata chembe, na humweka karibu na kosa la kujifanya afisa wa serikali.

Tochi iliyo kwenye bastola haichukui nafasi ya tochi ya mkononi. Sehemu kubwa ya mwanga unaohitajika lindoni ni wa kutazama mlango, kusoma kitambulisho au kumtafuta aliyeita, na anayefanya hayo kwa taa ya bastola humwelekezea mtu asiye na hatia mtutu.

Kifaa ambacho wanaoanza huambiwa kuwa ni cha madaktari, nami nakiweka mbele ya magazini ya pili, ni mkanda wa kukaza mkono au mguu ili kuzuia damu (tourniquet). Mtu aliyekatika mshipa mkubwa wa paja anaweza kufa katika dakika chache, kabla gari la wagonjwa halijafika. Mikanda hiyo ya bandia ni mingi sokoni na hufanana sana na ile halisi, ila kijiti chake cha kukazia hupinda au kuvunjika kinapozungushwa kwa nguvu, hivyo ununue kwa muuzaji aliyeidhinishwa na mtengenezaji. Uvue karatasi yake ya plastiki kabla ya zamu, uukunje tayari kwa kuvutwa, na uufunge mahali ambapo mkono wa kulia na wa kushoto unaweza kuufikia, kwa sababu huenda mkono uliojeruhiwa ukawa ndio ule unaoutegemea.