Je, wajua kwa nini iostat, amri ya Linux ya kupima kazi ya diski, husema diski imetulia huku video imeganda?

Chukua studio ndogo ya video mtaa wa Langoni, Lamu. Harusi, mashindano ya majahazi, Maulidi: kazi zote zinakaa kwenye seva moja iliyo chumba cha nyuma, na wahariri wanazifungua kutoka kompyuta zao za Linux kwa njia ya NFS, yaani mfumo wa kufungua faili za seva kupitia mtandao. Mhariri anabofya klipu, picha inaganda. Anafungua terminali, anaandika `iostat -x 5`, anajibiwa kwa sifuri tupu. Diski haisomi wala haiandiki. Basi hiyo video inasomwa wapi?

Inasomwa kwenye seva, na iostat haifiki huko. Kazi yake ni kuhesabu vifaa vya bloku, yaani diski ambazo kerneli (kiini cha Linux) ya mashine hiyo inazishughulikia yenyewe. Faili ya NFS haipiti hapo kabisa. Programu ikiomba kusoma, kerneli hugeuza ombi kuwa ujumbe wa RPC (ombi la kazi kwa mashine nyingine), ujumbe hutoka kupitia kadi ya mtandao hadi poti 2049 ya seva, na data hurudi kwa njia hiyo hiyo. Karani anayehesabu magunia kwenye gati la Lamu hawezi kukuambia mangapi yameshushwa Mokowe. Na kusema kweli, NFS iliundwa hivyo makusudi: Sun Microsystems walipoibuni mwaka 1984, walitaka mtumiaji afungue faili ya mbali kama anavyofungua ya kwake, asihisi tofauti. Mtumiaji akistareheshwa, fundi ndiye anayebaki kutafuta.

Hesabu zipo, ila zimewekwa kwingine. Kerneli huandika takwimu za kila folda iliyopachikwa (iliyounganishwa kutoka seva) kwa NFS ndani ya `/proc/self/mountstats`. Faili hiyo inachosha macho, kwa hiyo kuna amri ya kuisoma kwa niaba yako: `nfsiostat`, inayokuja na kifurushi cha nfs-utils (kwenye Debian na Ubuntu kinaitwa nfs-common). Andika `nfsiostat 5 /mnt/video` upate ripoti kila baada ya sekunde 5. Ripoti ya kwanza iache ipite. Hiyo ni wastani tangu folda ilipopachikwa, pengine wiki tatu zilizopita, na haikuambii lolote kuhusu dakika hii.

Wengi hukimbilia safu ya kB/s, kilobaiti kwa sekunde. Mimi ningeanza na mbili za muda: avg RTT na avg exe. RTT ni milisekunde zinazopita tangu ombi litumwe hadi jibu la seva lifike. Exe ni muda wote wa ombi, ukiwemo ule wa kusubiri zamu ndani ya kompyuta yako kabla halijatumwa. Tuseme RTT ni 3 na exe ni 90. Seva inajibu upesi, foleni iko kwako. Umetupa maombi mengi kuliko yanavyoweza kutoka. Zikiwa 88 na 90, kompyuta yako haina neno. Nenda kaangalie seva au njia ya kati, na hapo ndipo iostat inarudi kazini, ukiiendesha kwenye seva yenyewe.

Safu ya kB/op, kilobaiti kwa kila ombi, nayo ina habari zake. Video ikisomwa mfululizo, kila ombi linaweza kubeba hadi kilobaiti 1024, kama folda imepachikwa kwa rsize ya juu, yaani kikomo cha ombi moja la kusoma (`nfsstat -m` itakuonyesha). Ukiona kilobaiti 4 au 8 na ops/s (maombi kwa sekunde) imepanda sana, kuna kitu kinachookota vipande vidogo vidogo, mara nyingi programu inayotengeneza picha ndogo za kila klipu.

Halafu kuna kB/s inayogota. Inapanda mpaka kama 11,500, inabaki hapo hapo, haizidi hata ukifungua klipu ya pili. Huo ni mwendo wa waya wa megabiti 100, ambao kikomo chake ni megabaiti 12.5 kwa sekunde, hata kama kadi na swichi zote ni za gigabiti. Gigabiti inahitaji jozi zote nne za nyaya ndani ya kebo. Ya 100 inatosheka na mbili. Kwa hewa ya chumvi ya pwani yetu, pini za plagi hushika kutu, jozi moja ikifa kadi inaweza kushuka kimya kimya hadi 100. Hakikisha kwa `ethtool` ukifuatisha jina la kadi, usome mstari wa Speed. Kubadilisha plagi ni rahisi kuliko kununua seva mpya.

Safu ya retrans, maombi yaliyorudiwa, ikiwa juu ya sifuri, usiipuuze. Kwa NFS juu ya TCP, mteja (kompyuta yako) kwa kawaida husubiri sekunde 60 kabla ya kurudia ombi. Kwa hiyo kurudia hata mara moja ni dalili kwamba seva ilinyamaza dakika nzima, au muunganisho ulikatika.

Kuandika kuna hila yake. Unahamisha faili, mstari wa maendeleo unakimbia mpaka 100%, kisha kila kitu kinasimama. Data ilikuwa imelimbikizwa kwenye RAM; faili inapofungwa, NFS hulazimika kusukuma yote kwa seva kwanza. Ndiyo maana safu ya write hukaa sifuri, kisha ikaruka ghafla. Kusoma kuna kinyume chake: klipu uliyoitazama punde inaweza kutoka RAM bila seva kuulizwa data hiyo tena. Katika mountstats, tafuta mstari wa `bytes:`. Namba ya kwanza ni baiti ambazo programu zilisoma kwa njia ya kawaida, ya tano ni zile zilizotoka kwa seva kweli. Ya kwanza ikiizidi sana ya tano, RAM inakubebea mzigo.

nfsiostat haitaji nani anayesoma. Kwa hilo, chukua namba ya mchakato (programu inayoendeshwa) unaoushuku, fungua `/proc/NAMBA/io`, soma rchar na wchar (baiti zilizosomwa na zilizoandikwa) mara mbili kwa nafasi ya sekunde chache, utoe tofauti. Zinahesabu hata kilichotoka RAM na diski ya ndani, lakini mlafi huonekana.

Na kama folda imepachikwa kwa SMB, ile ya seva za Windows, nfsiostat haitakuwa na la kusema. Hapo soma `/proc/fs/cifs/Stats`.