CT skani ya kurudia: kwa ratiba au kwa sababu?

Nimeisikia tena hapa Moshi, kijana kapata ajali ya boda, kalazwa, CT ya kichwa (picha ya mionzi inayoonyesha ndani ya kichwa) kapigwa siku ile ile, kesho yake hajapigwa nyingine basi ndugu wanalalamika wodini kwamba katelekezwa. Jamani, hapana.

Kurudia picha kwa ratiba maana yake mgonjwa anapigwa nyingine baada ya masaa yaliyopangwa hata kama hajabadilika chochote. Ndo hivyo tu.

Sasa watu wanaichanganya na kurudia kwa sababu, na hapa ndo nachoka kabisa. Kurudia kwa sababu ni pale mtu alikuwa anaongea vizuri saa mbili usiku, kufika saa nne anasinzia mpaka umtikise, anatapika tena na tena, mboni moja imetanuka kuliko ya pili, au alama za fahamu zimeshuka, ile skeli ya Glasgow ya mwaka 1974 inayoanzia 3 mpaka 15, alikuwa na 15 sasa ana 13. Huyo hasubiri ratiba, anakimbizwa kwenye mashine sasa hivi.

Lakini aliyeumia kidogo, ana 14 au 15, yuko macho na anaendelea vizuri, picha ya ratiba ni mara chache sana ibadilishe matibabu yake, hata ikionyesha damu imeongezeka kidogo mara nyingi wataendelea kumuangalia tu, na wewe umeshalipa, yeye kaongezewa mionzi (kwa mtoto hilo ni zito zaidi) na katolewa wodini wakati alitakiwa atulie. Kinachomlinda kweli ni nesi anayemuamsha kila nusu saa mwanzoni, baadaye kila saa, anamuuliza jina na kummulika macho. Hicho nacho ni kipimo, tena kinarudiwa kuliko vyote!

Ila aliye kwenye mashine ya kupumulia na dawa za usingizi huwezi kumuuliza kitu, au mzee anayetumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), hao ratiba ina mantiki na daktari akisema arudie msibishane naye. Ultrasaundi ya tumbo nayo muiweke pembeni, haina mionzi na inafanyika hapo hapo kitandani, kuirudia ni kitu kingine.

Kwa hiyo ukienda kumuona mgonjwa wako, badala ya kuuliza mbona CT haijarudiwa, muulize nesi kwa upole alama zake za fahamu asubuhi zilikuwa ngapi na sasa hivi ngapi.