Akiba Yako, Nani Anailipia?

Karibu kila kikundi cha AVEC, yaani chama cha kuweka akiba kwa kununua hisa na kukopeshana, ninachokifundisha hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, iwe Kadutu, Bagira au Panzi, kina mwanachama mmoja ambaye wenzake humheshimu kwa sababu hatumii fedha. Hanunui nguo, hanywi soda, hachangii harusi ya mtu yeyote, na kila mkutano ananunua hisa tano ambazo ndizo kikomo cha kanuni. Juzi mwenyekiti wa kikundi kimoja alisimama, akamtaja mtu wa namna hiyo kuwa ndiye kielelezo cha kubana matumizi, na watu wakapiga makofi. Mimi nilinyamaza kwa adabu, kwa kuwa siku ya kuvunja sanduku, yaani kugawana akiba na faida ya mwaka, si siku ya kugombana. Sasa sanduku limekwisha kuvunjwa, na adabu yangu nayo imefika mwisho: wengi wa namna hiyo hawabani matumizi, ni mabahili.

Nianze na hesabu, ambayo haihitaji maneno mengi. Anayenunua makala (mkaa) kwa kifuko kila jioni na mafuta ya kupikia kwa kipimo kidogo anatoa fedha kidogo kila siku, lakini mwisho wa mwezi amelipa kuliko jirani aliyenunua gunia la makala na bidoni zima la mafuta. Hilo si kosa lake, kwa sababu fedha ya gunia hana. Ninalitaja tu ili tuache kudhani kwamba mkono unaotoa kidogo ndio mkono unaobana. Kuloweka maharage usiku kucha ili yaive upesi, kufunika sufuria, kuzima makala yaliyobaki ili yawashwe tena kesho, kumshonea binti gauni kutoka katika kitenge cha mama yake: huko ndiko kubana matumizi, na hakuna anayeumia. Jambo hilo kila mama wa mji huu analijua kuliko mimi.

Kipimo ninachokitumia ni swali moja: gharama ya akiba hiyo inamwangukia nani? Ukiamua mwenyewe kula bugali na sombe, yaani majani ya muhogo, bila sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kwa mwezi mzima ili ununue hisa, umelipa mwenyewe, na hakuna mwenye haki ya kukucheka. Lakini ukiwaachia watoto sombe tupu, kisha wewe ukapita kula nyama choma njiani kabla ya kufika nyumbani, hisa zako zimenunuliwa na watoto. Elimu ya msingi katika shule za serikali ilitangazwa kuwa ya bure mwaka 2019, lakini sekondari bado inalipiwa, na ninawafahamu akina baba ambao vijitabu vyao vya akiba vimejaa mihuri ya hisa huku binti akirudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Mwenye kijitabu hicho anapigiwa makofi. Binti hayupo mkutanoni, kwa hiyo hakuna anayemuuliza.

Kinachoniudhi kuliko vyote, hata hivyo, ni hoja ya mshikamano. Kila mkutano kila mwanachama hutoa kiasi kilicho sawa na cha wenzake, tuseme faranga 500, ambacho huwekwa katika mfuko wa peke yake ndani ya sanduku, wa kumsaidia aliyefikwa na msiba au ugonjwa, na hakigawanywi kama hisa mwisho wa mwaka. Hapo ndipo bingwa wetu wa hisa tano huamka. Husema kwamba mwaka mzima hakufiwa, hakulazwa, wala nyumba yake haikusombwa na mvua, kwa hiyo ameibiwa. Tena kwamba mtu anayejua thamani ya fedha hawezi kuiweka mahali isikorudi. Nimeisikia hoja hii mara nyingi kiasi kwamba ninaweza kuimalizia kabla msemaji hajavuta pumzi.

Tuifuate basi hadi inakokwenda. Wanachama 25 wakitoa faranga 500 kila wiki wanapata 12,500, na kwa wiki 52 wanapata 650,000. Fedha hiyo inaonekana ndogo hadi usiku ambao mtoto wa mmoja wao anaugua na hospitali inadai malipo ya awali kabla ya kumpokea. Bila mfuko huo mama yake atauza cherehani, au ataingia katika mkopo ambao hakuupangia kazi yoyote ya kuzalisha, na mkopo wa mtu ambaye hana tena cherehani haurudi kwa wakati. Usiporudi, faida ya mwaka inapungua kwa kila mwenye hisa, na anayepoteza zaidi ni yule mwenye hisa nyingi. Zile faranga 500 anazozililia ndizo zinazozilinda hisa zake tano. Anataka kulala chini ya paa ambalo bati lake limenunuliwa na wengine, halafu anatuambia kwamba yeye ndiye anayejua kujenga.

Nisieleweke vibaya, kwa sababu hapa wakufunzi wengi huenda haraka mno. Mjane anayesema kwamba 500 zinamshinda, na anayeomba kutoa 200, si mchoyo hata kidogo, na kikundi kinachomfukuza ndicho chenye kasoro. Kiasi cha mshikamano kinapaswa kupangwa kwa kumtazama aliye chini kabisa, na si kwa kura ya wenye sauti kubwa. Tofauti kati ya mjane huyo na bingwa wetu haipo katika fedha wanayoikataa, kwa kuwa huenda ni ile ile. Ipo katika jambo ambalo kila mmoja anatarajia siku ya msiba wake. Mjane hutoa 200 na kuona haya. Bingwa hukataa kutoa, lakini akifiwa na mkwewe atakuwa wa kwanza kuuliza kwa nini wanakikundi wamechelewa kuja kwenye matanga.

Kuna ubahili mwingine ambao haumo katika kijitabu chochote. Mtu huyo huyo akifika soko la Kadutu hubishana muda mrefu na mama muuza sombe, ambaye amebeba mzigo kwa mgongo tangu alfajiri, hadi apunguziwe bei. Kisha huingia katika duka la vyakula lenye bei zilizobandikwa na kulipa bila kufungua kinywa. Yupo pia anayemcheleweshea fundi wa ujenzi malipo yake mwezi mzima, na kwa kuwa hatimaye analipa yote anajiona mwaminifu, kumbe muda wote huo fundi ndiye aliyekuwa akimkopesha bila riba. Tena yupo wa noti. Hapa kwetu noti ya dola yenye mpasuko mdogo tu hukataliwa, na tangu benki zilipofunga milango mjini Bukavu Februari 2025, noti za faranga nazo zimechakaa kwa kuzunguka mikononi bila kubadilishwa. Mtu mwangalifu huzitunza noti safi kwa ajili ya sanduku, na hilo ni jema. Lakini noti iliyoungwa kwa utepe humsukumia mwendesha pikipiki usiku, kwenye giza, kisha hujisifu kwamba hapotezi kitu.

Wenye kupenda Maandiko hunitajia muujiza wa mikate, pale Yesu alipoagiza vipande vilivyobaki vikusanywe ili kisipotee kitu. Naam, vikapu 12 vilijaa. Lakini agizo hilo lilitolewa baada ya umati wote kula na kushiba. Waliokusanya hawakuanza kukusanya wakati watu bado wana njaa. Msomaji wa haraka huuruka mstari huo.

Hadi hapa ninajiamini. Kuna mahali pawili, hata hivyo, ambapo kipimo changu kinanigeuka, na vitabu vya mafunzo havitaki kupagusa.

Mahali pa kwanza ni jamaa. Mama mmoja wa kikundi ana kaka asiye na kazi ambaye humjia karibu kila wiki, na jibu lake ni lile lile: fedha iko sandukuni, na funguo tatu ziko kwa watu watatu. Jibu hilo ni la kweli, na ni mojawapo ya sababu zinazowafanya watu waipende AVEC, ingawa hawalisemi mbele ya mkufunzi. Kwa mujibu wa swali langu, gharama inamwangukia kaka, kwa hiyo dada ni bahili. Lakini asipomkatalia, wanaolipa ni watoto wake. Miongozo yetu huliita jambo hilo nidhamu ya fedha na kufungua ukurasa unaofuata. Mimi sioni kwamba ni nidhamu tupu, wala sithubutu kumlaumu mama huyo.

Mahali pa pili panauma zaidi, kwa kuwa panagusa kazi yangu mwenyewe. Mfumo huu, ambao shirika la misaada la CARE liliuanza na wanawake wa Maradi nchini Niger mwaka 1991, unamruhusu mwanachama kukopa hadi mara tatu ya akiba yake, na vikundi vingi hutoza asilimia 10 kwa mwezi. Anayekopa faranga 100,000 kwa miezi mitatu hurudisha 130,000. Tunawafundisha kwamba riba hiyo si hasara, kwa kuwa inarudi kwa wanachama wenyewe. Inarudi, ndiyo, lakini inagawanywa kwa hisa, na si kwa kadiri kila mmoja alivyoilipa. Katika vikundi vingi ninavyovifuatilia, anayekopa mara kwa mara ni yule mwenye hisa moja, na anayevuna mwisho wa mwaka ni yule mwenye hisa tano ambaye hakukopa kamwe. Nikiuliza nani ameilipia akiba ya bingwa wetu, sehemu ya jibu imo katika daftari ambalo mimi mwenyewe nimewafundisha kulijaza.

Kwa sababu hiyo sasa ninawaomba makatibu, kabla ya kuvunja sanduku, waandike mbele ya wote safu mbili: riba ambayo kila mtu ameilipa, na faida anayoipokea. Kikundi kimoja cha Bagira kilipoziona safu hizo kilipendekeza kushuka hadi asilimia 5. Mama wa hisa tano alipinga, na hakupinga kijinga: alisema kwamba riba ikishuka, wenye biashara watachukua mikopo mikubwa ya bei rahisi, wataimaliza fedha yote mapema, na yule wa hisa moja atakuta sanduku tupu siku atakayougua mtoto wake. Wamekubaliana kwamba mikopo ya ugonjwa na ada ya shule itozwe asilimia 5, na ya biashara ibaki 10. Sasa wanabishana juu ya nani atakayethibitisha kwamba mtoto kweli ni mgonjwa.