Kunguni wa jirani na wako huenda ni ukoo mmoja

Napuliza dawa kila mwezi na kunguni wanarudi. Nauziwa dawa feki?

Inawezekana, feki zipo. Lakini mara nyingi dawa ni nzima, kunguni ndio waliobadilika. Dawa nyingi za kupuliza ni za jamii ya pareto. Hunasa vijilango vya sodiamu kwenye neva za mdudu visifunge, akatetemeka mpaka akafa. Vinasaba vya kunguni wa New York, katika utafiti wa 2008, vilionyesha jeni ya vijilango hivyo imebadilika sehemu mbili tu, na dawa ikakosa pa kushika. DDT, dawa ya zamani ya wadudu, hupiga vijilango hivyohivyo, nayo kunguni wa Pearl Harbor, kambi ya jeshi la majini la Marekani huko Hawaii, waliishinda tangu 1947. Kunguni wa nchi za joto, *Cimex hemipterus*, ni spishi nyingine, ila nao wamekutwa na mabadiliko ya jeni hiyohiyo. Kila ukipuliza wanakufa wanyonge, wanabaki sugu kuzaana.

Walifikaje jengo zima?

Watafiti walilinganisha vinasaba vya kunguni wa majengo matatu ya ghorofa huko Raleigh na Jersey City, Marekani. Matokeo yalichapishwa 2012: kila jengo lilivamiwa mara moja au mbili tu, pengine na jike mmoja aliyekwisha pandwa. Watoto wake hupandana wenyewe kwa wenyewe bila shida, jambo ambalo lingedhoofisha wanyama wengi. Begi moja la safari au kochi la mtumba linatosha.

Basi nimjue aliyewaleta?

Ili iweje? Wameshapita kwenye nyufa na matundu ya nyaya. Ukipiga dawa chumba chako peke yako, ndugu zao wa chumba cha pili watahamia. Wapangaji wakubaliane siku moja, vyumba vyote.

Wanaambukiza UKIMWI?

Hapana. Wanaleta muwasho, vidonda vya kujikuna na kukosa usingizi.

Nianzie wapi?

Kwenye joto, maana jeni ile haimkingi kunguni na maji ya moto. Toa godoro, geuza chaga, tazama maungio ya kitanda na mishono ya godoro: utaona vidoti vyeusi vya kinyesi na mayai meupe ya milimita moja hivi. Mwagia maungio maji yanayochemka, shuka zifuliwe kwa maji ya moto. Rudia baada ya wiki mbili, kwa sababu mayai yaliyosalia yatakuwa yameanguliwa. Dawa ya shambani usiipulize kwenye godoro hata kidogo; utakayeivuta usiku kucha ni wewe na watoto.